Blanketi la Kidato cha Pili

Mswada wa kwanza wa Kadzo ulikuwa na kurasa 24, na katika kurasa hizo msichana wangu aliokoa watu mara tano.

Kadzo ni mhusika mkuu wa kitabu cha vibonzo ninachokiandika na kukichora mwenyewe. Ana miaka 15, anaishi Likoni, na kila asubuhi huvuka kwa feri kwenda shuleni upande wa kisiwani. Siku moja anagundua kwamba anaweza kusimamisha kitu chochote kinachosonga kwa muda wa pumzi tatu: jiwe lililorushwa, pikipiki, hata wimbi. Katika mswada ule alisimamisha matatu iliyokatika breki kwenye mteremko wa kuingilia feri. Akasimamisha ukuta uliokuwa ukiporomoka. Akasimamisha risasi. Akasimamisha feri yenyewe ilipoanza kukokotwa na mkondo. Tukio la tano nimelisahau, na mwandishi akisahau tukio alilolibuni mwenyewe, hiyo ni dalili tosha.

Niliupeleka mswada huo kwa wanafunzi wa chama cha Kiswahili katika shule moja, na sitaficha kwamba nilitarajia makofi. Walisoma kwa zamu. Walicheka nilipotaka wacheke. Kisha msichana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono.

"Mwalimu, huyu Kadzo amebadilika wapi?"

Nikamfungulia ukurasa wa 19, ambapo nguvu zake zinaongezeka kutoka pumzi tatu hadi pumzi tano. Akautazama, akatikisa kichwa.

"Hapo ni nguvu zimeongezeka. Yeye ni yule yule."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nilijiambia kwamba watoto wa siku hizi wamezoea kutafuta makosa. Lakini swali lile lilikataa kuniondoka, nami najua kwamba nawe utaulizwa swali hilo hilo siku ya mtihani, ila kwa maneno mengine: jadili ukuaji wa mhusika fulani. Nimewahi kusoma majibu ya swali la namna hiyo kuhusu Dick katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Wengi huandika kwamba Dick ni mvumilivu, ni jasiri, ana bidii, kisha hueleza kila sifa kwa mfano mmoja. Sifa hizo anazo kweli. Hata hivyo, orodha ya sifa ni kama picha ya pasipoti: inatuonyesha uso tu, haitwambii mtu huyo ametoka wapi wala anaelekea wapi. Kadzo wangu alikuwa picha ya pasipoti yenye kurasa 24.

Huenda kosa langu lilitokana na mashujaa niliokua nao. Katika mighani tunayosoma, shujaa huja amekamilika. Fumo Liyongo tunamkuta tayari ni jabali la mtu, hodari wa upinde na wa mashairi. Luanda Magere tunamkuta tayari ana mwili wa jiwe. Hadithi zao haziulizi mashujaa hao walikuaje. Huuliza nguvu zao zinaishia wapi. Ya Liyongo iliishia kitovuni, kwa sindano ya shaba iliyoshikwa na mwanawe mwenyewe. Ya Magere iliishia kwenye kivuli chake. Ni hadithi za siri na usaliti, na kwa kazi hiyo zimetosha kabisa. Ila shujaa wa miaka 15 hawezi kuandikwa hivyo. Hajakamilika. Hata sauti yake bado inavunjika.

Nikarudi kwa kijana aliyeubadilisha mkondo wa vibonzo vya Marekani. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1962, Stan Lee na mchoraji Steve Ditko walichapisha katika jarida la Amazing Fantasy, toleo la 15, hadithi ya mwanafunzi wa shule ya upili aitwaye Peter Parker. Ni mvulana wa miwani, anayechekwa na wenzake, yatima anayelelewa na ami yake na mke wa ami. Anaumwa na buibui aliyepatwa na miali ya nyuklia, anapata nguvu na wepesi wa buibui. Unadhani anakimbilia kuokoa nani? Hamwokoi yeyote. Anakwenda kutafuta pesa na umaarufu, akionekana kwenye mieleka na televisheni. Siku moja mwizi anapita mbele yake akikimbizwa na polisi. Parker anamwacha apite, kwa sababu hilo halimhusu. Baadaye mwizi yule yule anamuua ami yake. Hadithi nzima ina kurasa 11.

Nilikuwa nimeisoma hadithi hiyo mara nyingi, lakini safari hii jambo moja lilinisimamisha. Parker hakuhitaji nguvu za buibui kumzuia mwizi yule. Alihitaji kunyoosha mguu tu. Mtu yeyote aliyesimama pale angeweza. Nguvu zote alizopewa na mwandishi hazikuwa na kazi yoyote katika dakika iliyomhukumu.

Ndipo nilipolikumbuka blanketi.

Nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni ambayo sitaitaja. Kitanda changu kilikuwa cha juu. Cha chini kililaliwa na mvulana wa kidato cha kwanza, mfupi, aliyependa kunionyesha barua za dadake. Usiku mmoja wavulana watatu wa kidato cha tatu waliingia bwenini wakamtoa kitandani. Walimmwagia maji, wakamwamuru apige magoti juu ya kifuniko cha sanduku lake la bati na kuimba. Kila alipoyakosea maneno ya wimbo walimpiga kwa kiatu. Nilikuwa macho. Nilisikia yote, hata mlio wa bati lilivyobonyea. Mwalimu wa zamu alikuwa umbali wa milango miwili. Kupiga ukelele mmoja tu kungetosha. Lakini mmoja wa wale watatu alikuwa nahodha wa timu ya kandanda, na jioni ile ile alikuwa ameniahidi nafasi ya kucheza. Nilivuta blanketi hadi juu ya kichwa na kuanza kukoroma, mkoromo wa uongo, ili wajue sisikii.

Asubuhi mvulana yule aliniuliza, "Jana ulilala mapema?"

Nikasema ndiyo.

Alienda nyumbani likizo ya katikati ya muhula na hakurudi tena. Nafasi kwenye timu niliipata, nikacheza mechi mbili.

Kumbe Kadzo wa mswada wa kwanza alikuwa msamaha niliojitungia. Nilimpa msichana huyo nguvu zote nilizodhani nilizikosa usiku ule, nikampeleka kila mahali palipo na hatari, akawaokoa watu ambao hata majina sikuwapa. Nilimzuia asikosee hata mara moja kwa kuwa nilikuwa nimechoka kukosea mimi. Mhusika wa namna hiyo hawezi kukua. Ataanguka vipi ilhali mwandishi amelaza godoro kila anapopita?

Nikauweka mswada ule kando, nikachukua karatasi mpya.

Katika mswada wa pili nilianza na kosa. Kwenye feri ya jioni kuna kikundi cha wasichana wa kidato cha tatu ambao Kadzo amewatamani tangu ukurasa wa kwanza: wana vicheko vya juu, wana simu, wanaketi mahali pamoja kila siku na hakuna anayethubutu kuwakalia. Katika ukurasa wa 6 wanamwita aketi nao. Katika ukurasa wa 7 wanampokonya mvulana mdogo aitwaye Nyale mkoba wake na kuurushiana juu ya ukingo wa feri. Kadzo tayari anazo nguvu zake, msomaji ameziona. Pumzi tatu zinatosha kuusimamisha mkoba hewani. Anainamisha kichwa na kuangalia viatu vyake. Mkoba unatumbukia baharini ukiwa na vitabu vyote. Kesho yake Nyale hayupo kwenye feri, wala kesho kutwa.

Ilinichukua siku nne kukichora kile kichwa kilichoinama. Kila nilipomaliza nilimwona amependeza mno, mwenye huzuni ya kupigiwa picha. Aibu haina sura hiyo. Mtu mwenye aibu hujishughulisha: hufunga kamba ya kiatu ambayo haijafunguka, hutafuta kitu mfukoni. Mwishowe nikamchora akikwangua tope kwenye soli ya kiatu kwa ukucha, na nilipouona mchoro huo nilijua kwamba hata yule msichana wa kiti cha nyuma angenyamaza.

Kosa peke yake halikutosha, bila shaka. Wapo wahusika wanaokosea na kujuta sura nzima bila kusogea hata hatua moja. Hapa nilisaidiwa na Kamala Khan, msichana Mwislamu wa miaka 16 mwenye asili ya Pakistan, mkaazi wa Jersey City, ambaye tangu mwaka wa 2014 amekuwa na kitabu chake mwenyewe kwa jina la Ms. Marvel. Mwandishi wake wa kwanza alikuwa G. Willow Wilson na mchoraji Adrian Alphona. Kamala anapopata uwezo wa kubadilisha umbo, jambo la kwanza analofanya ni kugeuka mwanamke mrefu mwenye nywele za rangi ya dhahabu, kama shujaa anayemhusudu. Anadhani shujaa ni lazima awe na sura ile. Mara anaona mavazi yanambana na nywele zinamsumbua. Hatua kwa hatua anajifunza kuokoa watu akiwa na sura yake mwenyewe, na vazi lake analitengeneza kutokana na burkini, lile vazi la kuogelea la kusitiri mwili. Angalia kwamba uwezo wake ni ule ule tangu mwanzo. Kilichobadilika ni jibu analojipa anapojiuliza yeye ni nani.

Hapo nikaelewa nifanye nini na ukurasa wa 21. Nilikuwa nimepanga umalizike kwa feri kukokotwa na mkondo, kama zamani, kwa sababu msomaji wa vibonzo ana haki ya kuona maji yakisimama. Feri ikasimama, Kadzo akamaliza pumzi zake zote. Kisha, akiwa hana kitu, akiwa anatweta, nikamrudisha kwenye benchi lile lile. Wasichana ni wale wale. Mkoba ni wa mtoto mwingine. Nilikichora kisanduku hicho sawasawa na kile cha ukurasa wa 7: pembe ile ile, kivuli kile kile, hata ganda la chungwa kwenye sakafu nililirudia. Safari hii hana nguvu yoyote ya ajabu. Ana mdomo tu. Anasema, "Mrudishieni." Wanacheka. Anasimama kutoka kwenye benchi alilolitamani kitabu kizima na kurudia kusema, na tangu siku hiyo hana pa kuketi kwenye feri ya jioni.

Kwa hiyo unapomtafuta mhusika aliyekua, tafuta mahali ambapo mwandishi anamrudisha kwenye benchi lile lile. Mrudie Dick. Sauna anamwiba akiwa mtoto, na anaishia mikononi mwa tajiri anayemtumia kusafirisha dawa za kulevya; hakuwa na wa kumtetea. Baadaye anajitoa katika biashara hiyo na kuanza yake ya halali. Kisha Matei anamweka katika uwanja wa ndege, mahali ambapo mlanguzi hupita moyo ukimdunda, na hapo ndipo anapokutana na dadake Umu. Wengi wetu hulitaja tukio hilo kuwa sadfa na kufunga daftari. Ni sadfa, naam. Lakini mwandishi angeweza kuwakutanisha sokoni au hospitalini. Jiulize ni Dick yupi angekutana na dadake pale kama asingekuwa ameacha kazi ile, na angekuwa amebeba nini. Jibu la swali hilo lina uzito kuliko neno "jasiri" ukiliandika mara kumi.

Kuna mhariri mmoja aliyeniambia kwamba mwisho wangu una baridi, kwamba wasomaji wa umri wako watataka wale wasichana waadhibiwe na Kadzo ashangiliwe na abiria wote. Sikubaliani naye. Tangu mwaka wa 2010 vijana wa Kenya wamemsoma Boyie wa Shujaaz, ambaye alianza akiwa kijana asiye na kazi, silaha yake ikiwa kituo cha redio anachokiendesha kisiri chumbani mwake, na hawakudai arushe moto kwa macho. Nadhani mnaweza kumvumilia msichana asiye na kiti.

Kurasa 23 zimekamilika. Uliobaki ni wa 24. Kadzo amepata kujua kwamba Nyale alihamia kwa nyanyake, kijiji kimoja huko Kwale, naye anapanda matatu Jumamosi akiwa na mkoba mpya wenye vitabu alivyonunua kwa akiba yake. Ukurasa huo una visanduku vinne. Katika cha kwanza anashuka matatu. Katika cha pili anauliza njia kwa mzee anayeparua nazi. Katika cha tatu amesimama mlangoni na mkono wake umegusa ubao, anabisha hodi. Hivyo vitatu nimevichora na kuvitia wino. Cha nne bado ni cheupe. Nimejaribu kumchora Nyale akifungua mlango, na kila mara anatoka na sura ya mvulana wa kitanda cha chini, na kila mara kinywa chake kiko wazi kana kwamba ataniuliza jambo.

Mchapishaji anautaka ukurasa huo kabla ya mwisho wa mwezi.