Chokaa Kwenye Mvua ya Kakamega

Uashi nilifundishwa na baba hapa Kakamega, na enzi hizo kila kazi ilikuwa ya simiti. Chokaa tuliijua kama rangi ya kupaka mashina ya miti na kuta za shule. Nilipokwenda Lamu kutafuta kibarua ndipo nikaona mji mzima uliosimama kwa chokaa: matumbawe yanapangwa juu ya magogo, yanachomwa, yanamwagiwa maji, kisha chokaa inaachwa iive.

Niliporudi nikaanza kuitwa kwenye majengo ya zamani, nyumba za wakati wa uchimbaji wa dhahabu wa miaka ya 1930 na makanisa ya misheni. Mengi ni ya matale, mawe ya aina ya lile Jiwe Linalolia la Ilesi. Tale halinyonyi maji. Mvua yetu, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, huingilia kwenye maungio, na jua likiwaka unyevu hauna njia nyingine ya kutokea ila hapo hapo.

Kuna kanisa moja dogo ambalo rangi yake ya ndani ilikuwa inabambuka kila msimu. Nje lilikuwa limepigwa plasta ya simiti, imejaa nyufa nyembamba kama uzi. Niliigonga kwa mpini wa nyundo, ikasikika uwazi nyuma yake. Tulipoibandua tulikuta udongo wa maungio umelowa chapachapa, unamong'onyoka kwa kidole, mizizi imetambaa ndani. Maji yalipenya kwenye nyufa, simiti ikayafungia humo.

Simiti siichukii. Msingi mpya na lenta naimwaga bila wasiwasi. Ila ukuta wa zamani unataka kitu laini kuliko jiwe lenyewe.

Tulichokoa maungio kwa patasi, taratibu, tukaenda kina mara mbili ya upana wake. Chokaa ya kuchoma niliitoa Koru. Watu wa mkono niliwasisitizia: maji yatangulie kwenye pipa, chokaa ifuate, maana inatokota na kurusha matone yanayopofua macho. Ilikaa chini ya maji kwa wiki kadhaa hadi ikawa laini kama siagi. Mchanga ulitoka mto Isiukhu, wa chembe kubwa, ukaoshwa. Kwa kuwa hewa yetu ni ya unyevu na chokaa tupu hukawia kushika, niliongeza vumbi la matofali ya pembeni mwa tanuri, yale yasiyoiva sana. Hayo ndiyo hushikana na chokaa vizuri. Kipimo: kopo moja la chokaa, mawili na nusu ya mchanga, nusu ya vumbi. Tulifanya kazi Januari, magunia mabichi yakifunika ukuta ili jua lisiukaushe ghafla.

Wazee wa kanisa walitaka tumalize kabla ya Pasaka. Niliwaomba plasta ya ndani ingoje ukuta utoe maji yake, wakakubali shingo upande. Rangi nayo ikawa ya chokaa, kwa sababu ile ya mafuta ingeziba tena tulichofungua.