Umri wa Kuanza Kandanda: Baba Dogo na Ughaibuni

Swali la iwapo mtu aliyechelewa kuanza kandanda anaweza kufika kilele cha mchezo huo huulizwa kwa sauti mbili tofauti, kulingana na mahali anapoishi mwulizaji. Mzazi Mkenya aliyehamia Leicester au Minneapolis, ambaye mwanawe wa miaka 13 amefika ughaibuni bila rekodi ya klabu yoyote, huliuliza kwa hofu, kwa kuwa anawaona watoto wa rika hilo waliosajiliwa na klabu tangu wakiwa wadogo. Ilhali kocha wa mtaani Baba Dogo, mashariki mwa Nairobi, akiulizwa kuhusu mtoto wa umri huohuo, huenda asione uchelewaji wowote. Wote wawili wana sababu zao, na wanapotofautiana huwa wanazungumzia mambo matatu ambayo ni rahisi kuchanganywa: umri ambao mtoto anaanza kuugusa mpira, umri ambao anaanza kufundishwa, na umri ambao anaanza kuonekana na watu wenye uwezo wa kumlipa.

Nchini Uingereza mambo hayo matatu hutokea karibu kwa wakati mmoja. Chini ya mpango wa kuendeleza wachezaji uliozinduliwa na Ligi Kuu ya nchi hiyo mwaka 2012, akademia, yaani vituo vya klabu vya kulea vipaji, hupangwa katika madaraja manne kulingana na ubora wa makocha, viwanja na huduma zake, na mtoto husajiliwa rasmi kuanzia kikosi cha walio chini ya miaka 9. Awamu ya kwanza huishia kwenye kikosi cha chini ya miaka 11, ya pili kwenye kile cha chini ya miaka 16, na ya tatu ndiyo inayomkabidhi kijana kwa timu ya watu wazima, huku wengi wakiachwa njiani katika kila hatua. Mtoto wa miaka 13 anayebisha hodi hakatazwi kuingia, lakini hulinganishwa na wenzake waliokwisha kufunzwa kwa miaka minne namna ya kuupokea mpira mwili ukiwa tayari umegeukia upande wenye nafasi, na namna ya kutazama nyuma ya bega kabla pasi haijafika. Marekani kikwazo ni pesa zaidi kuliko umri, kwa sababu klabu nyingi za vijana hutoza ada kubwa, na mtoto wa mhamiaji asiyeimudu huishia kwenye timu ya shule ya upili ambayo msimu wake ni wa miezi michache tu.

Baba Dogo ni mojawapo ya wadi za eneo bunge la Ruaraka, pamoja na Utalii, Mathare North, Lucky Summer na Korogocho; ni mtaa wa viwanda na nyumba za kupangisha zilizosongamana, na nafasi iliyo wazi ni adimu. Hata hivyo, umezungukwa na historia ya kandanda. Uwanja wa klabu ya Tusker uko Ruaraka; Kariobangi iliyo jirani ndiyo asili ya Kariobangi Sharks, klabu iliyoishinda Everton ya Uingereza kwa mikwaju ya penalti uwanjani Kasarani mwezi Julai 2019; na Mathare ndiko lilikoanzia shirika la michezo ya vijana la MYSA, lililoasisiwa mwaka 1987 na Bob Munro, raia wa Kanada, ambalo huzipa timu za watoto pointi za ligi kwa kuzoa taka mtaani kama zinavyozipata kwa kushinda mechi.

Mtoto wa eneo hili huanza kuugusa mpira mapema, pengine mapema kuliko mwenzake wa Leicester. Huanza na mpira wa juala, uliofumwa kwa mifuko ya plastiki na kufungwa kamba (marufuku ya mifuko hiyo iliyoanza kutekelezwa Agosti 2017 yaweza kuwa ndiyo sheria ya mazingira iliyowagusa wapiga chenga kuliko sheria nyingine yoyote), naye hucheza na wakubwa kwa wadogo, kwenye uchochoro ambako mpira hudunda usivyotarajiwa, bila refa, chini ya mamlaka ya mwenye mpira. Asichokipata ni mafunzo. Hakuna wa kumweleza kwa nini beki wa pembeni anapopanda kiungo hubaki, wala wa kumpa mazoezi yanayolingana na ukuaji wa mifupa yake, wala chakula baada ya mazoezi. Kwa hiyo anapofika miaka 16 huwa amecheza sana na kufundishwa kidogo, na hali hiyo ni tofauti kabisa na ya mtu aliyechelewa kuanza.

Familia moja inaonyesha pengo hilo kwa uwazi usio wa kawaida. Mike Okoth Origi, aliyezaliwa mwaka 1967, alikuwa anakaribia miaka 25 alipojiunga na klabu ya Oostende nchini Ubelgiji mwaka 1992, na mwaka 1999 akatwaa ubingwa wa nchi hiyo akiwa na Genk. Mwanawe, Divock Origi, alizaliwa Ostend mwaka 1995, akaingia kwenye akademia ya Genk akiwa mtoto mdogo, akahamia Lille ya Ufaransa mwaka 2010, akaichezea Ubelgiji katika Kombe la Dunia la 2014 akiwa na miaka 19, na mwezi Juni 2019 akaifungia Liverpool katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Siku hiyo alikuwa na miaka 24, umri ambao baba yake alikuwa ndiyo kwanza anaifahamu baridi ya Flanders. Ni vigumu kuamini kwamba tofauti hiyo yote ilikuwa ya kipaji, maana damu ni moja. Kilichobadilika ni idadi ya miaka ambayo kila mmoja aliipata mikononi mwa walimu kabla mwili haujakomaa.

Genk hiyohiyo ilitwaa tena ubingwa mwaka 2019, miaka 20 baada ya ule wa Okoth, safari hii mabao yakitoka kwa Mtanzania Mbwana Samatta, aliyetua hapo Januari 2016 akitokea TP Mazembe ya Lubumbashi akiwa na miaka 23, na ambaye mwaka 2020 alihamia Aston Villa na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Klabu moja, basi, imemlea mtoto wa Kikenya tangu utotoni na pia imewapokea watu wazima wawili kutoka Afrika Mashariki, na njia zote mbili zimeilipa. Michael Olunga naye alikuwa mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya wakati alipoifungia Gor Mahia mabao 19 katika msimu wa 2015. Alielekea Djurgården ya Sweden akikaribia miaka 22, na mwaka 2020 akawa mfungaji bora wa ligi kuu ya Japani kwa mabao 28 na mchezaji bora wa ligi hiyo. Awer Mabil, aliyezaliwa mwaka 1995 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, hakujua klabu wala akademia hadi familia yake ilipohamia Adelaide mwaka 2006, lakini alikuja kuichezea timu ya taifa ya Australia. Hakuna hata mmoja kati yao aliyechelewa kucheza. Walichelewa kufundishwa, au kuonekana, au vyote viwili.

Waliochelewa kabisa kuanza, yaani waliougeukia mpira baada ya kubobea katika mchezo mwingine, ni wachache sana, na uchache wao una sababu. Kuna michezo ambayo humpokea mtu mzima mwenye mwili unaofaa. Ferdinand Omanyala alikuwa mchezaji wa raga kabla ya kugeukia mbio fupi, na Septemba 2021 akaweka rekodi ya Afrika ya mita 100 kwa sekunde 9.77 papo hapo Kasarani. Hakeem Olajuwon wa Nigeria alianza mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 na bado akawa miongoni mwa magwiji wa mchezo huo. Helen Glover wa Uingereza alianza kupiga makasia mwaka 2008, baada ya kuchaguliwa na mpango wa taifa uliosaka watu warefu wenye nguvu, na mwaka 2012 akashinda dhahabu ya Olimpiki. Kandanda haina huruma hiyo. Usain Bolt, mwanadamu mwenye kasi kuliko wote waliowahi kupimwa, alifanya majaribio na Central Coast Mariners ya Australia mwaka 2018, akafunga mabao mawili katika mechi ya kirafiki, kisha akaondoka bila mkataba; mguu usioujua mpira tangu utotoni hauwezi kufichwa na kasi. Nairobi yenyewe ina mfano wa safari ya kinyume: Dennis Ombachi aliwahi kuwa katika timu ya taifa ya kandanda kabla ya kuhamia raga ya wachezaji saba kila upande, ambayo ilimfikisha Olimpiki ya Rio mwaka 2016.

Mfano adimu kama wa Kevin Moran, aliyekuwa bingwa wa kandanda ya Kiayalandi (mchezo ambao mpira hudakwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu) kabla ya Manchester United kumsajili mwaka 1978 akiwa na miaka 21, husaidia kuueleza mpaka huo. Alitoka kwenye mchezo wa jamii moja, wenye kugombea mpira hewani na kusoma unapoangukia, naye akacheza beki wa kati, nafasi isiyodai ufundi mwingi wa chenga. Anayechelewa kabisa ana matumaini katika nafasi za nyuma na langoni. Ana machache katika kiungo.

Utafiti haupingani na picha hii, ingawa unaitia doa imani ya akademia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu wachezaji wa ligi kuu ya Ujerumani ulionyesha kwamba waliofika timu ya taifa, wakilinganishwa na wachezaji wa ridhaa, yaani wasiolipwa, walitofautiana nao zaidi kwa kucheza mpira wa kujifurahisha utotoni na kushiriki michezo mingine ujanani kuliko kwa wingi wa mazoezi rasmi ya mapema. Kwa maneno mengine, uchochoro wa Baba Dogo unatoa bure sehemu ambayo Ulaya inajitahidi kuirudisha kwa fedha nyingi.

Upo pia uchelewaji wa mwili, ambao Ulaya imeanza kuushughulikia huku Kenya ikiuzidisha. Watoto waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa usajili huchaguliwa zaidi kwa sababu tu ni wakubwa kidogo, na ndiyo maana akademia za Uingereza zilianza kujaribu mwaka 2015 mashindano yanayowapanga watoto kwa ukomavu wa mwili badala ya mwaka wa kuzaliwa, na shirikisho la Ubelgiji likaunda vikosi vya vijana wanaokomaa polepole. Nairobi tiba iliyozoeleka ni kupunguza umri kwenye karatasi. Kijana wa miaka 20 anaposajiliwa kuwa na 17, anayeumia zaidi ni yule wa miaka 17 halisi ambaye bado ni mwembamba, kwani nafasi yake imechukuliwa na mwanamume kamili. Na kipimo cha mifupa ya kifundo cha mkono ambacho FIFA imekitumia katika mashindano ya chini ya miaka 17 tangu 2009 hakifiki kwenye mechi za mtaani.

Kwa wasichana mlango uko wazi zaidi, kwa sababu ushindani wa utotoni umekuwa mdogo kote duniani. Nadia Nadim, mzaliwa wa Afghanistan, aliujua mpira akiwa kambini nchini Denmark baada ya kutoroka vita, akaja kuichezea Denmark na Paris Saint-Germain. Na Doreen Nabwire, zao la MYSA, alikuwa Mkenya wa kwanza mwanamke kucheza kandanda ya kulipwa Ulaya. Mzazi wa ughaibuni mwenye binti wa miaka 13 ana sababu chache za kukata tamaa kuliko jirani yake mwenye mvulana.

Kwa mvulana wa Baba Dogo kuna umri mmoja ambao hauna majadiliano. Kanuni ya 19 ya FIFA kuhusu uhamisho hukataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa hali chache kama wazazi kuhama kwa sababu zisizohusu mpira. Kanuni hiyo ilikusudiwa kuwalinda watoto dhidi ya mawakala walaghai, na ni ya haki. Lakini maana yake ni kwamba miaka ya 12 hadi 18, ambayo mwenzake wa Leicester anaipitisha mikononi mwa makocha wa kulipwa, yeye lazima aipitishe nyumbani. Ryan Ogam wa Tusker, aliyeng'ara katika mashindano ya CHAN (michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani) ya Agosti 2025 kisha akaenda Wolfsberger ya Austria, aliondoka akiwa na miaka 20, kama ilivyo kawaida.

Pesa za kuilipia miaka hiyo zipo katika kanuni hizohizo, ila hazifiki mtaani. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, hadi asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: asilimia 0.25 kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila msimu unaofuata. Bei ya Mkenya Victor Wanyama alipohama Celtic kwenda Southampton mwaka 2013 iliripotiwa kuwa pauni milioni 12.5; kwa hesabu hiyo, msimu mmoja wa kumfundisha mtoto wa miaka 13 ulikuwa na thamani ya pauni 31,250, karibu shilingi milioni 4 za Kenya wakati huo. Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia ofisi ya FIFA iliyoko Paris, inayofuata pasi ya mchezaji, yaani orodha ya klabu zote alikosajiliwa kupitia shirikisho la taifa. Timu inayofanya mazoezi asubuhi za Jumamosi Baba Dogo bila kujisajili na bila kadi za wachezaji wake haimo katika orodha hiyo, hata kama ndiyo iliyomfundisha mtoto kila kitu. Wana wa ughaibuni wanaotuma viatu na jezi kila Desemba wangefanya kazi kubwa zaidi kwa kulipia usajili wa timu hizo na gharama za kuwatafutia watoto vyeti sahihi vya kuzaliwa, wakianza na wale waliofikisha miaka 12 mwaka huu.