Kofia ya Kutoka Nayo

Ukitoka Babati, ukifika Dareda gari huacha barabara ya Singida na kuanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Abiria wenyeji hufunga madirisha hata kabla baridi haijaingia. Mimi ni mtu wa Dar es Salaam, sikuwahi kufika Mbulu. Begi langu lilijaa kofia za uzi wa pamba nilizoanza kufuma shangazi yangu alipokuwa akitibiwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kule, chini ya feni, kofia ya kufuma humtangaza mgonjwa, maana hakuna mwingine anayeivaa katika joto la Machi. Tulipofika Bashanet nikaona wazee wamejitanda mablanketi, watoto wa shule wamevaa masweta, na kofia za uzi kila upande. Nikafurahi moyoni: huku mgonjwa atapita sokoni na asitambulike.

Mwenyeji wangu pale Mbulu mjini alikuwa mama mmoja ambaye kitanda chake kilikuwa jirani na cha shangazi wodini. Nilipomweleza wazo langu akatikisa kichwa.

"Kofia za baridi tunazo, mwanangu. Shida ni pale ninapoivua."

Mwanamke akionekana kanyoa kichwa kizima, alinieleza, huulizwa amefiwa na nani. Yeye aliulizwa kanisani, akaulizwa bombani, akaulizwa dukani, mpaka akachoka kujibu na kuacha kutoka. Alichotaka ni kofia ya kutoka nayo, ya kuendea ibada na harusi, ambayo watu wakiiona watauliza fundi wake ni nani.

Kuna jambo jingine ambalo nililielewa nikiwa kwake. Dawa nyingi za saratani hutolewa kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya wiki tatu, na nywele huanza kudondoka kati ya wiki ya pili na ya nne tangu dozi ya kwanza. Si dawa zote zinazoziondoa, lakini zile za saratani ya matiti kwa kawaida huziondoa. Sasa mtu wa Mbulu anayetibiwa KCMC Moshi, Bugando au Ocean Road, akipewa dozi na kuruhusiwa kurudi nyumbani, nywele zitadondokea hapa hapa, kwenye mto wake, mbali na muuguzi na mbali na wagonjwa wenzake. Kofia inayomngoja wodini kwenye dozi ya pili imechelewa. Tangu siku hiyo naamini inapaswa kutolewa pamoja na dozi ya kwanza, angali na nywele zake, aizoee kwenye kioo.

Jirani zake wakaja jioni, mmoja wao fundi wa sweta za shule mwenye mashine yake. Nikawaonyesha ninavyofuma kwa mzunguko, kwa sindano nne, ili ndani pasiwe na mshono wa kuunganisha, kwa sababu ngozi ya kichwa wakati wa dawa huwa laini na yenye kuuma. Sufu huwasha, ndiyo maana natumia pamba. Kichwa kisicho na nywele hupungua ukubwa, hivyo kofia huteleza isipobanwa kidogo, na lazima ishuke mpaka kisogoni, kwani hakuna nywele za kufunika pale inapoishia. Fundi alisikiliza yote, kisha akaniuliza mbona rangi zangu zimepoa hivi. Akatoa sandukuni sketi ya ngozi ya bibi yake, kazi ya Kiiraqw ya zamani, imejaa shanga. Nyeupe, nyekundu, buluu, mistari imepangwa kwa hesabu isiyokosea. Tukanakili mstari mmoja kwenye karatasi ya daftari la hesabu, kila kisanduku kitanzi kimoja, na kabla ya kulala mwenyeji wangu alikwisha chagua wake.

Kutoka Mbulu nilishuka Hanang kwa njia ya Haydom, ilipo hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955, nikapita Basotu hadi Katesh. Mama mmoja pale, ambaye nyumba yake ilichukuliwa na maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023, aliniambia waliletewa nguo kwa malori, na anashukuru. Ila gauni analolikumbuka ni lile aliloulizwa kwanza, "Unapenda rangi gani?"

Ni mwanawe niliyekwenda kumwona, kijana wa kidato cha pili aliye katikati ya dawa. Nilimsalimia, nikafungua begi, akazitazama kofia zote kwa adabu na hakugusa hata moja. Nikamuuliza anataka ipi. Akamtazama kwanza baba yake, shabiki wa Simba, ndipo akasema: kijani na njano, nembo ya Yanga mbele, na isiwe na kishada juu kwa sababu yeye si mtoto. Baba akanyanyuka, akasema anakwenda mwenyewe dukani kununua huo uzi.