Mabati Yaliyopimwa kwa Mizani ya Samaki

Lori liliondoka Mbeya saa kumi na moja alfajiri, siku moja ya Novemba 2021, likiwa na mabati 130, mifuko ya saruji, na mimi. Nilikuwa na miezi minne kazini. Barua yangu ya ajira inasema Afisa Ugavi. Kule nilikokuwa naenda waliniita Bwana Ugavi, kama anavyoitwa Bwana Shamba, na nikalipenda jina hilo kuliko la kwenye barua. Mapajani nilikuwa na faili lenye nukuu tatu za bei, muhtasari wa kikao cha kamati ya shule, na nakala ya hati ya kuagizia mali, ile tunayoiita LPO. Niliiandaa mimi. Kabla hatujafika Uyole nilikuwa nimeisoma mara mbili, kwa raha tu, kama kijana anayerudia barua ya mchumba.

Wakati ule nchi nzima ilikuwa inanunua mabati. Serikali ilikuwa imepata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ikaelekezwa kwenye madarasa 15,000, kila moja milioni 20, yakamilike kabla watoto wa Januari hawajafika. Kwa hiyo halmashauri zote ziliingia sokoni kwa pamoja, zikigombea saruji ileile, nondo zilezile na bati lilelile la geji 28. Aliyewahi kutafuta kuku jioni ya mkesha wa sikukuu anajua bei hufanya nini. Nilichukua nukuu Jumatatu. Ijumaa mwenye duka akanitazama kwa huruma. "Mdogo wangu, hiyo ilikuwa bei ya Jumatatu."

Tulitumia utaratibu wa fosi akaunti. Hakuna mkandarasi: shule inanunua vifaa yenyewe kupitia kamati za wananchi, na fundi analipwa ufundi tu. Kamati moja inanunua, nyingine inapokea, nyingine inasimamia ujenzi, ili mkono ulioagiza usiwe ndio unaosaini kwamba mzigo umefika. Kazi yangu ilikuwa kuwashika mkono kwenye makaratasi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011 nilikuwa naimudu, na kanuni zake za 2013. Kwa ajili ya mitihani ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi nilikuwa nimekariri FOB na CIF, nikajua hasa ni wapi hatari ya mzigo inamtoka muuzaji na kumwangukia mnunuzi, kama bandari yenyewe ni Rotterdam au Shanghai.

Tukuyu tulipita kwenye mvua na ukungu, migomba na chai pande zote, dereva amefunga vioo. Saa moja baadaye tulikuwa tumeteremka Kyela, tumevua masweta, tukipita kwenye mipunga na mikakao kwa joto la kukaanga. Njia hiyo watu wengine wameisifia vizuri kuliko nitakavyoweza. Mimi nilikuwa nahesabu mikanda ya turubai kila tuliposimama.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya gulio la Lyulilo, hatua chache kutoka Matema. Wanawake wa Kikisi walikuwa wameshusha vyungu vyao kutoka kwenye mitumbwi, wamevipanga mchangani kwa mamia, na nyuma yao milima ya Livingstone imesimama wima kama ukuta unaoteremkia ziwani. Lori lilipokuwa linasubiri vibarua nilizunguka kidogo. Nilimwona mnunuzi mmoja anainua chungu, anakigonga kwa kidole kilichokunjwa, anategea sikio, anakirudisha. Anachukua kingine. Muuzaji hakuudhika wala hakusema neno, aliangalia ziwa. Niliona ni jambo la kupendeza, nikapiga picha, nikasahau.

Kijiji tulichokuwa tunakwenda hakina barabara. Kutoka Matema unapanda boti ya mbao yenye injini, unafuata ufuko kwa saa kadhaa, mlima mkono wa kushoto na Malawi mbele ya macho kama mstari wa penseli. Vibarua walibeba mabati vichwani, wakiingia majini mpaka kiunoni. Nahodha alitaka alipwe kabla injini haijawaka: shilingi 180,000. Nikampigia muuzaji wa mabati kule Mbeya. Akacheka kwa upole.

"Afisa, soma LPO yako."

Nikaisoma kwa mara ya tatu siku ile. Mahali pa kukabidhi mzigo: Matema. Nilipoandika nilikuwa naangalia ramani iliyobandikwa ukutani, na kwenye ramani ile Matema na kijiji vilikuwa vimekaribiana kama upana wa kidole. Nauli ya boti haikuwa kwenye nukuu, haikuwa kwenye bajeti, haikuwa popote. Mwalimu mkuu, aliyekuja kutupokea, hakuninyooshea kidole. Alipiga simu tatu, akazungumza lugha ya kwao, na nahodha akawasha injini kwa ahadi. Baadaye ndipo nilipojua kwamba ahadi ile ilikuwa michango ya wazazi.

Tulifika jua likiwa linaegemea upande wa Malawi. Kamati ya mapokezi ilikuwa inatusubiri chini ya mwembe: watu watano, na mwenyekiti wao ni mama wa makamo aliyejifunga kitenge juu ya sketi ya kanisani. Nikamwamkia. Aliitikia marahaba bila kunitazama usoni. Alikuwa anatazama mabati.

Sisi tuliosomea kazi hii tuna namna yetu ya kupokea. Unahesabu, unalinganisha na LPO na hati ya muuzaji, unaangalia alama ya ubora ya TBS, unasaini. Nikahesabu: 130. Nikaonyesha muhuri wa geji 28 kwenye bati la juu. Nikatoa kalamu.

"Subiri, mwanangu," akasema.

Akainua ukingo wa bati la kwanza kwa vidole viwili, akauachia. Akainua la pili, akaliachia. Alipofika kwenye rundo la katikati alisita, akarudia, kisha akamwita kijana mmoja kwa jina na kumtuma nyumbani kwake. Kijana akarudi na mizani ya samaki, ile ya duara yenye kulabu. Mama anafanya biashara ya dagaa na mbasa. Maisha yake yote ameuziana na watu wanaojua kubonyeza kitako cha debe ili lipokee pungufu, na watu wanaojua kutega kidole chini ya mizani ili ipime zaidi.

Walilitoboa bati? Hapana, hilo mama asingeliruhusu. Walifunga bati kwa kamba ya nyavu, wakalining'iniza kwenye tawi la mwembe. La juu lilisoma kilo 8 na nusu. La katikati, urefu uleule, rangi ileile, lilisoma 6 na nusu.

Kwa asiyejua: namba ya geji ikipanda, bati linapungua unene. Geji 28 ni kama milimita 0.4, geji 30 ni kama 0.3. Ukiyatazama huoni tofauti. Paa ndilo huiona, miaka michache baadaye, pale upepo unapotoka ziwani. Kifaa cha kupimia unene kipo, kinaitwa maikromita, na kilikuwa kwenye kabati ofisini, kilomita nyingi nyuma yetu, kwa sababu hakuna aliyeniambia nikibebe na mimi sikuuliza.

Tulipima yote 130, moja baada ya lingine, kwa tochi za simu. Arobaini yalikuwa membamba, yote ya katikati ya rundo, hakuna hata moja la juu wala la chini. Muuzaji aliponipigia usiku alisema vijana wa stoo walichanganya. Huenda. Lakini vijana wanaochanganya mizigo huwa hawachagui katikati.

Mama akanigeukia, safari hii akanitazama. "Haya, Bwana Ugavi. Tunasaini 90. Hayo 40 yanarudi. Na boti ya kuyarudisha, nani analipa?"

Nilifungua faili, ingawa jibu nililijua. Mzigo ulikabidhiwa Matema. Kila wimbi baada ya hapo lilikuwa letu. Nilimwambia hivyo, kwa sauti ndogo. Hakunigombeza. Alimwuliza katibu kama boti ya vyungu itapita Jumamosi inayofuata, na kama ina nafasi.

Nililala kwa mwalimu, kwenye mkeka, nikisikia maji. Usiku huo niliandika sentensi moja nyuma ya muhtasari wa kikao, nikaifuta, nikaiandika upya: mzigo utakabidhiwa eneo la ujenzi, baada ya kukaguliwa bati kwa bati, na gharama za kurudisha usiofaa ni za muuzaji. Siku hizi tuna sheria mpya ya 2023, na zabuni zinapita kwenye mfumo wa NeST, kila mtu akiwa mbele ya kompyuta yake. Ni mfumo mzuri, umetupunguzia safari za bahasha. Lakini bado kuna afisa kijana anayejaza mahali pa kukabidhi mzigo huku anatazama ramani ya ukutani.

Mabati 40 yalirudi kwa boti ya vyungu. Muuzaji alibadilisha, baada ya simu na barua mbili. Sikuwepo yalipofika, nilikuwa ofisini nikihangaikia saruji ya shule nyingine. Saa kumi jioni simu ikalia, ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mwalimu, picha bila maneno: bati limening'inia kwenye mwembe kwa kamba ya nyavu, mkono wa mama umekaa mbali na mizani kusudi nione haugusi, na mshale umesimama kwenye 8 na nusu.