Mbegu na Udongo

Baba alinipokea kituoni Igoma akiwa na bahasha ya majibu kutoka Bugando. Aliifungua tulipofika nyumbani, mama alipokwisha kuingia jikoni.

“Wewe ndiye unayesomea haya mambo, mwanangu. Nieleze.”

Saratani ya tezi dume, imefika mifupani. Daktari amependekeza upasuaji wa kuondoa korodani. Neno hilo limejaa kwenye tasnifu yangu ya uzamili. Mbele ya baba yangu, halikutoka.

Nikaanzia shambani. Nilimwambia kwamba mwaka 1889 daktari Mwingereza, Stephen Paget, aliifananisha saratani na mbegu: husambazwa kila upande, lakini huota pale tu udongo unapoikubali. Ya tezi dume hupenda udongo wa mifupa. Tena uvimbe si seli za saratani peke yake. Una mishipa ya damu inayoulisha, seli zinazofuma nyuzi za kuushikilia, hata askari wa kinga ya mwili waliogeuka kuwa walinzi wake. Majirani hao ndio ninaowasoma, tupate namna ya kuwazuia. Dawa nyingi za kuwalenga bado zinajaribiwa.

“Na mbolea yake ni nini?”

“Homoni ya kiume, baba. Mwaka 1941, huko Chicago, Charles Huggins alionyesha kwamba ukiikata, saratani hii husinyaa. Mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Nobel.”

Nikanyamaza. Baba amefuga ng’ombe tangu utotoni, hakuhitaji nimalizie.

“Kwa hiyo nihasiwe. Niwe maksai.”

Nilitazama chini. Sauti ya mama ikatoka jikoni: “Si maksai ndiye anayelima?”

Baba alicheka mpaka akashika kiuno kwa maumivu. Kisha akaniuliza kama atapona. Sikumdanganya. Nilimwambia maumivu yanaweza kupungua na siku zikaongezeka, ila baadaye mbegu nyingine huzoea kuishi na mbolea kidogo sana, na majirani huzisaidia. Hapo ndipo utafiti wetu umesimama.

Jumatatu tulipanda daladala alfajiri. Daktari alipomuuliza kama ameelewa atakachofanyiwa, baba alijibu bila kusita, akalitaja neno lenyewe, mimi nikiwa nimeketi pembeni yake.