Kasuku Aliyeitikia Simu

Wasomaji wangu, leo programu zisubiri kidogo. Jumamosi jioni kasuku wa mama alitoroka hapa Voi. Mlango wa tundu ulikuwa wazi, na wa jikoni pia. Tulijiamini kwa kuwa tulimpunguza mbawa; kumbe manyoya yaliyokatwa hudondoka na mapya huota. Akapaa kuelekea mlima Sagalla.

Mama hakula. Ndege huyo humwita jina lake kwa sauti ya marehemu baba.

Giza likiingia kasuku hutua na kulala. Nikaweka alama kwenye ramani ya simu pale tuliposikia sauti yake mara ya mwisho, tukarudi alfajiri kabla tai hawajaanza kuzunguka. Huwa anaiga mlio wa simu ya mama, basi nikaipiga. Kimya. Nikapiga tena: mlio ukajibu kutoka juu ya mbuyu! Tukaweka tundu chini na karanga ndani, mama akamwita polepole. Alishuka tawi kwa tawi, saa nzima.

Nyumbani wakaanza: nani aliacha mlango? Nikawaambia, mfumo unaoanguka kwa sababu mtu mmoja kasahau ni mfumo mbovu. Sasa kuna milango miwili ya wavu. Wa pili hufunguliwa wa kwanza ukishafungwa. Kibali cha KWS tunacho, nacho nimekipiga picha.

Na ile sauti ya baba? Nimeirekodi, nikaihifadhi sehemu tatu. Miaka yote nawahubiria habari za nakala za akiba, na hii sikuwa nayo.