Sinia la Aiskrimu na Majina ya Jamaa

Katika harusi zetu, halua ndiyo inayopewa heshima ya kutajwa. Kila anayeandika juu ya asili ya familia huianzia halua, na hiyo ni haki yake, kwani ni chakula cha msafiri. Sukari, wanga, samli, zafarani na iliki vikishapikwa vizuri hukaa siku nyingi bila ya kuharibika, na ndiyo maana halua iliweza kuvuka bahari baina ya Maskati na Unguja na ikabaki halua pande zote mbili. Aiskrimu haina bahati hiyo. Haitiwi sandukuni, haipelekewi jamaa wa ng'ambo, wala haimngoji mgeni amalize mazungumzo yake. Hata hivyo, nikijiuliza ni kitu gani kilichotufundisha sisi tuliozaliwa Oman kuwajua watu wetu, sioni kilichofanya kazi hiyo kuliko sinia la aiskrimu, la harusini na la mikusanyiko ya wakati wa joto.

Lugha yenyewe inaonyesha kuwa watu wa mwambao walijifunza baridi kwa wageni. Neno theluji tumelipata kwa Waarabu. Barafu asili yake ni Kiajemi, barf, na neno hilo limeenea sehemu kubwa ya Bara Hindi. Aiskrimu ni ya Waingereza. Ni maneno matatu kutoka pande tatu, na Mswahili akalipa kila moja kazi yake.

Mashine ya kuzungusha kwa mkono nayo ilitoka mbali. Mmarekani Nancy Johnson aliipatia hataza mwaka 1843, na umbo lake halikubadilika sana tangu hapo: pipa la mbao, ndani yake mkebe wa bati wenye kikorogeo, na juu mpini wa kuzungushia. Baina ya pipa na mkebe hujazwa barafu iliyopondwa pamoja na chumvi ya mawe. Chumvi huifanya barafu iyeyuke hata katika baridi iliyo chini ya sifuri, na kila inavyoyeyuka hunyonya joto la maziwa yaliyomo mkebeni. Mchanganyiko huo waweza kushuka hadi nyuzi 21 chini ya sifuri. Mzungushaji hujua kuwa aiskrimu imeiva pale mpini unapokuwa mzito na mkono ukaanza kumwuma.

Bibi yangu, mzaa mama, alizaliwa Mji Mkongwe wa Unguja katika miaka ya 1930. Alipokuwa akisimulia harusi za ujana wake hakuacha kuitaja mashine hiyo. Bonge la barafu lililetwa limefungwa gunia, likapondwa uani. Maziwa yalikuwa yamekwisha kuchemshwa na kupoa, yametiwa iliki na mawardi. Ukiwa msimu wa maembe, boribo zilisagwa zikachujwa, na siku nyingine ikafanywa ya stafeli, ambayo yeye aliipenda kuliko zote. "Tulizungusha mpaka mikono ikafa ganzi," alikuwa akisema.

Siku moja nilimwuliza ni nani hasa aliyezungusha. Alinyamaza kidogo, kisha akajibu, "Alikuwako kijana wa nyumbani."

"Akiitwa nani, bibi?"

Akanitajia jina moja tu, lile la kumwitia. Jina la baba yake hakulijua, wala alikotoka.

"Na sinia nani alilibeba?"

"Watu wa kazi, mwanangu. Sisi tulikaa."

Jibu hilo nimelitafakari miaka mingi. Kumbukumbu za nyumba zetu hupenda sana kusema "tulipika", "tulijenga", "tulizungusha". Tunasahau kwamba Unguja hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1897, chini ya nusu karne kabla ya bibi kuzaliwa, na kwamba katika nyumba nyingi za watu wenye uwezo mikono iliyofanya kazi iliendelea kuwa ya watu wengine. Mti wa nasaba yetu, ambao tumeufanyia bidii kubwa, unapanda hadi vizazi tisa vya Sharqiya, lakini hauna tawi la yule kijana aliyekuwa akizungusha mpini.

Yalipotokea Mapinduzi ya Januari 1964, jamaa walitawanyika. Bibi alipita Mombasa, akakaa Dubai kwa muda, na baada ya Sultani Qaboos kushika utawala tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita Waomani walioko nje warudi, familia ikahamia Maskati. Walifikia nyumba ya vyumba viwili huko Matrah, mle mlimolala watu kumi na mmoja. Mashine haikuvuka bahari, wala haikuvuka desturi ya kukaa ukahudumiwa, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumtuma.

Harusi ya kwanza waliyoifanya hapo ilikuwa ya mama yangu mdogo. Mjomba alikwisha kununua mashine iliyotumika, mama na ndugu zake wakazungusha kwa zamu, na kwa kuwa wakubwa wote walikuwa na kazi mikononi, sinia wakapewa watoto. Ndipo ilipoanza ile desturi ambayo sisi wa baadaye tulidhani ni ya kale, ya Unguja, ya mababu. Sivyo. Ilizaliwa Matrah, katika miaka ya upungufu, na mama yake ni dhiki.

Mimi niliikuta imekwisha kuwa sheria. Katika miaka ya 1980, shule zikifungwa na tende zikianza kuiva, jamaa walikusanyika shambani Barka, wengine wakitoka Dubai na wengine London. Harusi nyingi zilifanywa siku hizo, kwa kuwa ndio wakati wa kupatikana watu wote. Bibi alikaa karibu na pipa, upawa mkononi, akipakua na kuamuru. Wazee kwanza, kwa kufuata umri na si utajiri. Kisha wageni wa mbali, kisha jamaa wa bwana harusi kabla ya wa kwetu. Mwenye maradhi ya sukari alikuwa na bakuli lake lililotengwa, lenye maziwa na iliki na sukari ya kuonja tu, na ole wake mtoto aliyelichanganya na mengine. Ukimfikia mzee, unalituwa sinia kwanza, unasema masalkheri, unaubusu mkono wake, ndipo unampa bakuli kwa mkono wa kulia. Naye hakukuachia hivi hivi. Alikuuliza, "Wewe mtoto wa nani?" na ukimjibu alikuombea dua.

Shida ilikuwa ni kuwajua. Bibi hakutaja majina. Alitaja ujamaa.

"Hili lipeleke kwa mkaza mjomba wa mama yako."

"Yupi, bibi?"

"Nenda. Ukisimama hapa kuuliza litayeyuka."

Na kweli liliyeyuka. Ilimbidi mtoto aingie katika chumba kilichojaa wanawake, aseme kwa sauti, "Nani mkaza mjomba wa mama?" Chumba kizima kilicheka, kisha watu watano kwa pamoja wakamweleza: mjomba gani, alioa wapi, huyu ni mke wa kwanza au wa pili, na yule aliyekaa kando yake ni wifi yake. Halua isingeweza kutufundisha hivyo, maana halua huwekwa katikati na kila mtu akajinyoshea mkono. Ilitakiwa kitu kisichongoja ndipo mtoto aone haja ya kujua upesi. Kwa njia hiyo tulijifunza tofauti ya ami na mjomba, ya shangazi na mama mdogo, tukajua wifi ni nani na mavyaa ni nani, na kwa nini somo wa bibi harusi alipewa bakuli mapema ingawa hakuwa wa damu. Watoto wa leo wote hao huwaita anti na anko, na wakishasema hivyo hawana tena la kuuliza.

Miaka miwili iliyopita tulifanya harusi katika ukumbi mkubwa wa mjini, wakati wa joto. Kampuni iliyoajiriwa ilileta aiskrimu za namna sita na wahudumu waliovaa glavu nyeupe. Waligawa kwa namba za meza, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Bibi mmoja wa ukoo wetu, aliyepita umri wa miaka themanini, alikuwa amepangiwa meza ya 19, karibu na mlango. Alipofikiwa, kilichobaki bakulini kilikuwa maziwa matamu. Yeye hakulalamika, akanywa. Kilichonisikitisha si kuyeyuka kwa aiskrimu. Mle ukumbini mlikuwa na watoto wasiopungua arobaini wa damu yake, na hakuna hata mmoja aliyemwendea, kwa sababu hakuna aliyetumwa.

Wiki ile ile nilimtembelea nyumbani kwake. Tulizungumza mengi, na katika mazungumzo nikamtajia yule kijana wa mashine. Akamkumbuka mara moja. Alinitajia jina la baba yake, akaniambia kuwa kwao ni Makunduchi, kwamba alioa Ng'ambo na kupata mabinti wawili, na kwamba kila harusi alipewa mkebe ulipokwisha, akombe yaliyobaki pembeni, na hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu yake. Nimeyaandika yote katika daftari la familia, pamoja na neno hilo la mwisho, ingawa si zuri kulisoma. Mambo hayo yalikuwa yamekaa meza ya 19, na yangeweza kuondoka na mwenyewe bila ya mtu kuyauliza.

Sisemi turudi kwenye pipa. Joto la nchi hii si la kufanyiwa mzaha: mwaka 2018, mwezi wa Juni, huko Quriyat kipimo hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana. Wala sitamani kuwarudishia mama zetu kazi iliyowavunja migongo, ya kuamka alfajiri kuchemsha maziwa ya watu mia mbili na kuingia harusini wamechoka kuliko wageni. Kampuni ina friji, ina watu, na wenye harusi wana haki ya kukaa na kufurahi. Ila tumerudi, bila ya kukusudia, pale walipokuwa wakubwa wetu Unguja: sisi tumekaa, na anayebeba sinia hatumjui jina, naye hatujui sisi ni nani kwa nani.

Kwa hiyo katika harusi ya mwaka jana, ya mtoto wa binamu yangu, tuliomba jambo dogo. Kampuni ilete aiskrimu yake, lakini masinia ya kwanza, ya wazee, yabebwe na watoto wa familia. Walijitokeza kumi na mmoja, wa miaka sita hadi kumi na minne. Shangazi yangu alikaa mlangoni pa jiko la ukumbi akawatuma kwa ujamaa, kama bibi alivyokuwa akitutuma. Haikwenda sawa yote. Bakuli mbili zilianguka. Kijana mmoja wa London, ambaye Kiswahili chake ni cha kusikia tu, alipeleka bakuli la wifi kwa mavyaa, na ukumbi ukacheka mpaka bibi harusi mwenyewe akajifuta machozi. Lakini kijana yule sasa anayajua maneno hayo mawili, na hatayasahau kwa jinsi alivyoyapata.

Wazee walipokwisha, shangazi aliwatuma tena. Safari hii sinia lilikwenda kwa wahudumu, waliokuwa wamesimama ukutani, wengi wao vijana wa Kerala na Bangladesh. Agizo lilikuwa lile lile: tuweni sinia, salimuni, ulizeni jina na kwao ni wapi, kisha mje mniambie. Wahudumu walisita, mmoja akamtazama msimamizi wake kabla ya kupokea. Watoto walirudi na majina saba, na shangazi akayarudia moja moja mpaka akaweza kuyatamka vizuri.

Jamaa zangu mlioko Maskati, Dubai, London na kwingineko, wengi wenu mna harusi kiangazi hiki. Mkikaa na kampuni kupanga mambo, tengeni sinia hilo moja, na mchagueni mzee atakayekaa mlangoni kuwatuma watoto. Achagueni anayejua nani ni nani, awe mkali kidogo, na asitaje majina.